Kupaka mwanga vitu vya zamani kwa tochi: uzee wa kitu hauletwi na filta ya kahawia

MwangaHafifu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Picha za saa za mfukoni, taipureta, redio za mbao na barua zilizofungwa kamba zinapigwa kila siku, na nyingi hupitishwa kwenye filta ya kahawia ili zionekane za kale. Nataka kueleza njia nyingine, ya tochi moja na chumba chenye giza, na kwa nini naiamini kuliko filta yoyote.

Kwa asiyeijua: kamera inasimama kwenye stendi ya miguu mitatu, chumba kinatiwa giza, shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia ndani ya kamera) inafunguliwa kwa sekunde nyingi. Wakati iko wazi unapitisha tochi juu ya kitu, sehemu kwa sehemu. Sensa, sehemu ya kamera inayopokea mwanga, inakusanya mwanga wote mpaka shata ifungwe. Ulipokawia panang'aa, ulipopita upesi panabaki hafifu, usipopita kabisa panabaki peusi. Taa ya kawaida ikiwaka inamulika kila kilicho mbele yake, upende usipende. Kwa tochi, mgawaji wa mwanga ni wewe.

Hoja yangu iko hapo. Kitu cha zamani hakihitaji kuonekana chote. Kinachogusa moyo ni mahali ambapo maisha ya mtu yamekaa juu yake: ukingo wa kifuniko cha saa ambako nakshi zimefutwa na kidole gumba, kitufe cha taipureta ambacho herufi yake imefifia wakati vya jirani bado vinasomeka, mkunjo wa barua uliokunjuliwa mara nyingi hadi karatasi ikaanza kuchanika. Peleka mwanga hapo, na hivyo vingine viachie giza. Filta ya kahawia inapaka uzee sawasawa kila mahali, hata kwenye meza iliyonunuliwa juzi. Uzee wa kweli haukai sawasawa. Unajikusanya kwenye kona, kwenye mishikio na kwenye bawaba.

Kidogo kuhusu tulikotoka. Wengi wakisikia habari za kuchora kwa mwanga wanafikiria mistari inayoelea hewani. Hilo ni tawi moja, na ni la zamani sana. Mwaka 1889 Étienne-Jules Marey na Georges Demenÿ, Ufaransa, walifunga balbu kwenye viungo vya mtu anayetembea na kuacha lenzi wazi. Mwaka 1914 Frank na Lillian Gilbreth walitumia taa ndogo kufuatilia mwendo wa mikono ya wafanyakazi. Man Ray akaandika hewani kwa mwanga mwaka 1935, na mwaka 1949 Gjon Mili akampiga Picasso akichora kwa taa gizani. Katika kazi zote hizo kinachoonekana ni taa yenyewe.

Tawi letu ni jingine. Chanzo cha mwanga hakionekani, kinachoonekana ni kitu kilichoguswa nao. Hapa naona ukoo wetu uko zaidi kwa wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17. Pieter Claesz alipanga fuvu, saa na bilauri iliyoanguka kwenye meza tupu. Willem Kalf aliacha karibu turubai nzima iwe giza ili chombo kimoja cha fedha kipate kung'aa. Na kwa upande wa kamera, mojawapo ya picha za kwanza kabisa za Daguerre, ya mwaka 1837, ni ya vitu tuli: sanamu za plasta zilizopangwa pamoja. Sahani zake zilihitaji mwanga wa muda mrefu, na plasta haitikisiki. Vitu tuli na muda mrefu wa shata vimekwenda pamoja tangu mwanzo wa fani.

Miaka ya 1980 mpiga picha wa Marekani, Aaron Jones, alitengeneza mtambo ulioitwa Hosemaster uliopeleka mwanga kupitia mrija wa nyuzi za kioo, na wapiga picha wa matangazo wakaupenda mno. Leo tochi ndogo ya LED na karatasi nyeusi vinakufikisha karibu na pale.

Karibuni tujadili.

Kivuli_Kirefu

Asante kwa uzi mkuu. Mimi nina kamera ya kawaida ya lenzi za kubadilisha na lenzi ya mm 50. Naomba mipangilio ya kuanzia, maana nikiweka sekunde 30 picha inakuja nyeupe yote.

MwangaHafifu

Nyeupe yote kwa kawaida ina sababu mbili: chumba hakina giza la kutosha, au tochi ina nguvu kuliko kazi. Anza hivi. ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100, tundu la lenzi f/11, yaani dogo kiasi, shata sekunde 30. Kisha, kabla ya kugusa tochi, piga picha moja bila kumulika chochote. Ikitoka nyeusi kabisa, chumba kiko tayari. Ukiona hata umbo la meza, kuna mwanga unaingia: chini ya mlango, kwenye kitaa cha chaja, kwenye kioo cha nyuma cha kamera. Ziba vyote. Kipimo hiki kinakuokolea jioni nzima.

Fokasi ifanye taa ya chumba ikiwa inawaka. Lenga kile kitu kimoja unachotaka kiwe moyo wa picha, kisha hamishia lenzi kwenye fokasi ya mkono ili kamera isianze kutafuta gizani. Zima kitulizaji cha mtikisiko, kwa sababu lenzi nyingine zikiwa kwenye stendi zinajitikisa zenyewe. Tumia rimoti au kipima muda cha sekunde 2 usiiguse kamera. Hifadhi faili la RAW, lile ambalo kamera haijalisindika. Na mizani ya rangi ifunge kwenye namba moja, usiache kamera ijiamulie, la sivyo kila picha itakuja na rangi yake na kuziunganisha baadaye ni mateso.

Ukitaka zaidi ya sekunde 30 weka alama ya B na ufunge shata mwenyewe. Zingatia pia kwamba kamera nyingi zina kipengele cha kupunguza chembechembe zinazojitokeza kwenye picha shata ikikaa wazi muda mrefu. Kikiwashwa, kamera inapiga picha ya pili nyeusi yenye urefu uleule ili kuondoa kasoro za sensa, kwa hiyo sekunde 30 zinakuwa dakika nzima. Mimi nakizima wakati wa majaribio na kukiwasha nikishajua ninachotaka.

Kuhusu tochi: ndogo na dhaifu ni bora. Viringisha karatasi nyeusi iwe mrija, uifunge mdomoni mwa tochi, mwanga utoke kama sarafu badala ya kutapakaa. Angalia pia ubora wa rangi. LED nyingi za bei rahisi zina upungufu wa wekundu, na mbao, ngozi na shaba nyekundu vinaishi kwa wekundu huo. Kwenye pakiti tafuta namba ya CRI, kipimo cha uhalisi wa rangi chini ya taa, ya 90 au zaidi. Tofauti inaonekana kwa macho.

Halafu kumbuka umbali. Ukisogeza tochi kutoka sentimita 40 hadi 20, mwanga unaofika unakuwa mara nne, si mara mbili. Mkono ukiyumba karibu na kitu, picha inayumba nao.

tundu_f8

Nimeipenda mada ila kwenye rangi ya kahawia sikubaliani nawe kabisa. Kahawia haikubuniwa na watengeneza filta. Picha za zamani zilikuwa za kahawia kweli, na kulikuwa na sababu ya kikemia: fedha iliyo kwenye karatasi iligeuzwa kuwa salfaidi ya fedha, ambayo inadumu zaidi. Mafundi walifanya hivyo ili picha isife. Anayetumia rangi hiyo leo anaheshimu historia.

MwangaHafifu

Umesema kweli juu ya kemia, na nakubali kwamba rangi ile ilikuwa kinga. Lakini tazama ilikuwa rangi ya nini. Ni rangi ya karatasi ya picha. Si rangi ya saa, wala ya taipureta, wala ya sanduku la mbao. Ukipaka saa yenyewe kahawia, umeonyesha uzee wa picha ambayo haikuwahi kupigwa, na umefunika uzee ulio mbele yako: ukijani wa shaba iliyoota kutu yake, umanjano wa pembe za karatasi, bluu ya wino iliyopauka. Hizo rangi kila moja imechukua miaka yake kufika hapo. Kuzifuta kwa kubofya mara moja kunaniuma.

Ila ukinichapia picha yako kwenye karatasi na kuigeuza kwa kemikali mwenyewe, hapo nakaa kimya na kuitazama. Hiyo ni kazi nyingine.

Karatasi_Nyeusi

Mimi shida yangu ni saa ya mfukoni. Kila nikiimulika, kwenye kifuniko napata mistari myeupe kama nyoka, na kioo cha mbele kinanionyesha tochi yenyewe. Mbao na ngozi zinatoka vizuri. Chuma kinanishinda.

MwangaHafifu

Chuma kinachong'aa hakipokei mwanga kama mbao. Ni kioo. Kinachoonekana juu yake ni taswira ya kilicho mbele yake, na kama kilicho mbele yake ni nukta ya LED inayotembea, utapata nyoka. Kwa hiyo usimulike saa. Mulika karatasi nyeupe, na saa iitazame karatasi. Simamisha karatasi pembeni, nje ya fremu, mahali ambapo jicho la kamera likigonga kifuniko litarudi na kuikuta. Pembe ya kuingia na ya kutoka ni sawa, kwa hiyo unaweza kuipata taa ikiwa inawaka: weka jicho nyuma ya lenzi, sogeza karatasi hadi uione nzima ndani ya kifuniko. Halafu gizani pitisha tochi kwenye karatasi kwa upole, kutoka ukingo mmoja kuelekea mwingine, ukipunguza muda kadiri unavyokwenda. Kifuniko kitatoka na mng'ao unaofifia taratibu, na nakshi zitasimama.

Kioo cha mbele: kama kinafunguka, fungua. Kama hakifunguki, mulika uso wa saa kutoka pembeni kabisa, karibu uwe sambamba nao, ili mrudisho wa tochi uende upande wa pili wa chumba badala ya kuingia kwenye lenzi. Usijaribu kuvipata vyote, kifuniko na uso na mnyororo, kwa mkupuo mmoja. Kila kimoja kina pembe yake.

Kivuli_Kirefu

Nimerudi mkuu. Giza limekubali, picha si nyeupe tena. Ila kitabu changu cha jalada la ngozi kimetoka bapa, kama kimepigwa kwa flashi. Mikwaruzo yote niliyoitaka imepotea.

MwangaHafifu

Tochi ilikuwa upande gani? Nadhani ulisimama nyuma ya kamera ukamulika mbele. Mwanga ukitoka kwenye upande wa lenzi unajaza kila shimo, na mkwaruzo usio na kivuli hauonekani.

Ondoka hapo. Nenda ubavuni mwa meza, shusha tochi mpaka mwanga uteleze juu ya jalada, uwe umelala karibu kabisa na ngozi. Kila tundu la ngozi litapata upande mweupe na upande mweusi. Hapo ndipo utaona mahali ambapo vidole vilishika kitabu miaka nenda rudi, kwa sababu hapo ngozi imelainika na haitupi vivuli vidogo kama kwingine. Sijui mbinu nyingine inayoonyesha matumizi ya kitu wazi namna hii.

Mambo mawili zaidi. Mkono usisimame hata kidogo; tochi ndogo inayotembea inageuka kuwa taa kubwa laini, tochi ndogo iliyosimama inaacha doa. Na chagua upande mmoja kuwa ndiko dirisha liliko. Mwanga mkubwa utoke huko kwa vitu vyote. Unaweza kuiba mwanga mdogo kutoka upande wa pili ili kutenganisha ukingo na giza la nyuma, lakini vivuli vikienda pande tatu jicho linajua limedanganywa, hata kama mtazamaji hawezi kusema kwa nini.

Vaa nguo nyeusi. Ukipita mbele ya lenzi usimame, utaandikwa. Ukipita bila mwanga kukugusa, sensa haikujui.

Karatasi_Nyeusi

Njia ya karatasi imefanya kazi, nyoka wamekwisha. Sasa swali la upangaji. Nina saa, miwani, kalamu ya wino, ufunguo mkubwa wa chuma, redio, kamera ya filamu na barua. Niviweke vipi?

MwangaHafifu

Usiviweke vyote. Meza ikijaa vitu vya kale inakuwa stoo, na hakuna kinachokumbukwa ndani ya stoo. Jiulize ni vitu gani vingeweza kuwa vya mtu mmoja, saa moja ya siku. Miwani, kalamu na barua ni vya mtu aliyekuwa anaandika akasimama. Tayari kuna mtu kwenye picha ingawa haonekani. Ukiongeza redio na kamera, mtu huyo anapotea, wanabaki wauzaji wa vitu.

Chagua kimoja kiwe mkubwa. Kipe mwanga wa kutosha kusomeka. Cha pili kipe nusu yake. Cha tatu kiguse ukingoni tu, mtazamaji amalizie mwenyewe.

Na kwa barua nasisitiza: barua halisi ina majina ya watu, anwani, na maneno ambayo hayakuandikwa kwa ajili yetu. Njia hii inakupa heshima bila kufuta kitu. Mulika mkunjo, stempu, mstari mmoja au miwili ya mwandiko kwa mwanga ulioinama, na jina la mpokeaji libaki gizani. Picha inapata nguvu, na siri ya mtu inabaki yake.

Vumbi? Vumbi lililokaa kwenye mianya ya taipureta ni lake, liache. Vumbi lililoanguka jana na nyuzi za kitambaa zifute, kwa sababu mwanga wa ubavuni unazikuza zionekane kama kamba, na hazina habari yoyote ya kutuambia.

tundu_f8

Je, unapiga yote kwa shata moja au unaunganisha? Mimi naona ukiunganisha vipande kumi kwenye kompyuta, umeacha kupiga picha, unatengeneza.

MwangaHafifu

Nafanya yote mawili. Kwa shata moja kuna mvutano ninaoupenda: mkono unajua kwamba kosa la sekunde ya 25 linafuta uzuri wa zile za mwanzo, na mwili unajifunza mwendo wa picha kama unavyojifunza ngoma. Kwa anayeanza nashauri abaki hapo kwa muda, mpaka mkono uelewe.

Lakini saa na barua na mbao vinapotaka pembe tofauti, napiga fremu moja kwa kila kitu, kamera isisogee hata unywele, kisha naziweka kama tabaka kwenye programu ya kuhariri. Kuna namna ya kuchanganya inayochagua nukta iliyong'aa zaidi kati ya tabaka zote. Kwa kuwa kila fremu ni nyeusi pale ambapo sikumulika, zinashikana bila mshono. Pakizidi mwanga nafuta kwa maski. Kila mwanga uliomo ulipita kweli juu ya kitu hicho, kwenye meza hiyo, kwa mkono wangu. Sioni uongo hapo.

Kwenye filamu hadithi ni tofauti, na hapo nakuelewa zaidi. Pia filamu nyingi hupoteza wepesi wake wa kupokea mwanga muda ukizidi sekunde moja au chache, kwa hiyo sekunde 30 za hesabu zinaweza kuhitaji nyingi zaidi. Soma jedwali la mtengenezaji wa filamu husika kabla ya kuanza.

Sauti_ya_Shata

Samahani kwa kuingia kati. Mimi sina kamera, nina simu tu. Inawezekana?

MwangaHafifu

Inawezekana, karibu sana. Simu nyingi haziachi shata wazi muda mrefu kwa mipangilio ya kawaida, ila zipo zenye hali ya mkono inayofika sekunde kadhaa, na zipo programu zinazojumlisha fremu nyingi fupi na kubakiza kilichong'aa. Matokeo yanafanana. Lazima simu isimame imara, tumia kipima muda, funga fokasi kwa kushikilia kidole kwenye kitu kabla hujazima taa. Tundu la lenzi la simu ni kubwa na halibadiliki kwa nyingi, kwa hiyo tochi iwe dhaifu zaidi: ifunike karatasi nyeupe mbili tatu. Anza na kitu kimoja chenye mikwaruzo, mbao au ngozi. Chuma kiache kwa baadaye.

Ukiwa na simu tu, mtazame pia mpiga picha Josef Sudek wa Prague. Alipoteza mkono wa kulia katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, akatumia miaka mingi kupiga bilauri ya maji, yai na karatasi kando ya dirisha la studio yake. Hakutumia tochi kama sisi, alitumia dirisha. Lakini anafundisha kitu kimoja mnachokihitaji: ni kiasi gani cha picha kinaweza kuachwa kijivu au cheusi na bado ikasimama.

Kivuli_Kirefu

La mwisho kutoka kwangu. Nataka kupiga taa ya chemli ikiwa inawaka, iwe yenyewe ndiyo chanzo. Kila nikiiwasha kwa sekunde 30 mwali unakuwa doa jeupe na chumba kizima kinaonekana.

MwangaHafifu

Mwali hauvumilii sekunde 30. Upige peke yake, kwa sehemu ndogo ya sekunde, punguza mpaka uone umbo lake na ule ubluu wa chini karibu na utambi. Hiyo ni fremu ya kwanza. Kisha zima taa, subiri kioo kipoe, usiisogeze taa wala kamera, na fremu zilizobaki zipige kwa tochi.

Sasa jifanye tochi ndiyo mwali. Vivuli vyote lazima vikimbie kutoka kwenye taa, kwa hiyo mkono uende pembeni mwa kioo, kwenye kimo cha utambi, ukimulika kuelekea nje: meza, kitabu, barua iliyo mbele. Kilicho karibu kipate mwanga mwingi, kilicho mbali kipungue haraka. Mwali wa mafuta ya taa uko karibu na kelvini 1,900 (kipimo cha rangi ya mwanga; namba ikipungua, mwanga ni mwekundu zaidi), na tochi ya mwanga wa joto iko karibu na 3,000, kwa hiyo funga selofeni ya rangi ya machungwa mdomoni mwa tochi, vinginevyo meza itaonekana ya ubaridi kuliko moto unaodaiwa kuimulika. Shingo ya kioo na mpini wa waya vipe mguso mwembamba kutoka nyuma.

Barua na vitambaa viwe mbali wakati wa fremu ya mwali, dirisha liwe wazi kidogo kwa ajili ya moshi, na ulivyoviondoa virudishwe pale vilipokuwa taa ikishazimwa. Weka alama za chaki mezani kabla hujaviondoa, maana fremu ya mwali haitashikana na zile nyingine kama kitabu kimesogea hata nusu sentimita kutoka kwenye mwanga wake.